Usishukie Tabora

Kuna msomaji kaniandikia juzi, kijana mwenye heshima zake, kaanza na shikamoo dada ndipo akatoa la moyoni. Anasema mwaka huu kajipanga apande treni kutoka Dar aitazame nchi kwa macho yake, picha za mitandaoni kashazichoka. Mpaka hapo nilikuwa natabasamu peke yangu. Alafu akamalizia hivi: "ila nimeshauriwa nishukie Tabora nimalizie na basi, maana kutoka Tabora mpaka Kigoma ni pori tu, hakuna cha kuona."

Pori tu. Niliweka simu chini nikaenda kuosha vyombo kwanza, kwa sababu ningemjibu palepale ningemkosea mtoto wa watu bure, na wala siye aliyeniudhi.

Mimi ni mtoto wa Ujiji. Nimezaliwa pale, nimekulia pale, na tangu nimekuja Dar kusoma mpaka leo nafanya kazi, nikimwambia mtu natokea Kigoma lazima acheke kidogo aseme "aaah, mwisho wa reli!" utadhani reli ilifika kwetu kwa kupotea njia. Haikupotea. Wajerumani walianza kuijenga Dar mwaka 1905, 1907 wakawa Morogoro, 1912 wakafika Tabora, na mwanzoni mwa 1914 wakaingia Kigoma, miezi michache tu kabla vita kuu ya kwanza haijalipuka. Walikuwa wanalitafuta ziwa. Ziwa likipatikana na bandari yake wana mlango wa Kongo na Burundi mkononi. Kwahiyo Kigoma ndiyo sababu ya reli kuwepo, hayo mengine ni vituo vya njiani, na watu wa Dodoma mtanisamehe.

Sasa nikwambie kwanini hili la kushukia Tabora linanichoma, na hapa nitataja mambo ya watu ila majina sitataja.

Safari yangu ya treni Dar mpaka Kigoma tuliipanga wasichana wanne. Grupu likafunguliwa, likapewa jina, picha ya treni ikawekwa, kila siku mipango. Ikakaribia tarehe, mmoja akasema kazini wamemnyima ruhusa, sawa. Wa pili akaacha tu kujibu, meseji zina tiki mbili za bluu lakini mtu hayupo. Tukabaki wawili, mimi na shoga yangu ambaye najua kabisa makala hizi anazisoma hata kama hazipi like. Tukachanga hela, tukakata tiketi daraja la pili kulala, tukapika, tukanunua maji kreti nzima. Mimi nikabeba hotipoti ya pilau, yeye akabeba vitafunwa. Pawabanki ilikuwa yangu lakini nikaitia kwenye begi lake sababu langu lilishajaa. Weka hiyo akilini.

Kwa wasiojua, daraja la pili kulala ni chumba cha vitanda sita, vitatu upande huu vitatu ule, na wanawake wanawekwa na wanawake, wanaume na wanaume, labda mkate chumba kizima wenyewe. Daraja la kwanza ni watu wawili. Kuna la pili kukaa, na kuna la tatu ambako stori ni nyingi kuliko kote lakini mgongo wako utajua wenyewe. Kuna treni ya kawaida na ile wanayoiita Deluxe, siku za kuondoka zinabadilika kwahiyo usiniulize mimi, nenda stesheni ukaulize, na tiketi kata mapema hasa karibu na Desemba, watu wa Kigoma tunarudi nyumbani kwa mkupuo.

Dar mpaka Morogoro sina la kukueleza, ilikuwa usiku, tulikula tukapiga umbea tukalala.

Nilichoamka nacho ni Kilosa. Ukitoka Kilosa kuelekea Gulwe reli inaingia kwenye bonde la mto Mkondoa, milima kushoto milima kulia, mto unakatiza chini mara upande huu mara upande ule, na treni inajikunja kiasi kwamba ukiwa kwenye korido ya behewa la nyuma unakiona kichwa chenyewe kule mbele kinakata kona. Pazuri sana asubuhi, kuna ukungu. Ila ujue mto huu na reli wana ugomvi wa miaka na miaka. Mvua kubwa ikinyesha maji yanakula tuta, reli inabaki inaning'inia, na safari zinasimama mpaka mafundi watengeneze. Ndio maana nasema usipange safari ya kutalii masika, wala usiipange Januari ukasema mvua itakuhurumia. Kuanzia mwezi wa sita mpaka wa kumi ndio wakati wake.

Dodoma jua, vumbi, treni ikasimama sana, tunaruka hapo.

Baada ya Dodoma kuna Bahi na mashamba yake ya mpunga, tambarare kabisa, unaanza kusinzia. Usisinzie. Kule mbele kuna ukuta, ule ni ukingo wa Bonde la Ufa, na treni inatakiwa iupande. Unasikia kabisa kichwa kinaanza kukoroma, mwendo unapungua mpaka watoto wanaweza kukimbia sambamba na behewa, ukigeuka nyuma unaona tambarare yote mliyotoka imelala kule chini. Mkifika juu ni Saranda, na Saranda kila msafiri wa reli ya kati anaijua kwa kitu kimoja, kuku. Treni haijasimama sawasawa wamama washafika chini ya madirisha na masinia kichwani, kuku wa kienyeji mzima mzima, wamekaangwa wakakauka, na ndizi na ugali vipo. Hapa niwape siri: usinunue kwa wa kwanza. Wa kwanza anajua una njaa. Subiri dakika mbili, chungulia upande wa pili wa behewa, utapata paja zuri kwa bei ya binadamu, na hela uwe umeziandaa ndogondogo kwa sababu treni ikipiga honi ukiwa unasubiri chenji, hiyo chenji isamehe. Mimi nilinunua nusu kuku, shoga yangu akanunua mzima, nikamwambia utaumwa tumbo, akasema mimi nina roho mbaya. Tukacheka. Ilikuwa safari nzuri mpaka hapo, sitadanganya.

Manyoni, Itigi, giza likaingia.

Tabora tuliingia usiku mkubwa. Na pale Tabora lazima nieleze kinachotokea, maana ndipo watu wengi roho inapowatoka. Tabora reli inagawanyika. Kuna njia ya Mwanza, hiyo waliijenga Waingereza baadae, ikafika ziwa Victoria 1928, na kuna yetu ya Kigoma ambayo nayo mbele kule Kaliua inatoa tawi la kwenda Mpanda. Sasa kama treni imebeba watu wa huko kote, ni lazima mabehewa yakatwe yapangwe upya, la Mwanza lisije likajikuta Uvinza. Kichwa kinatoka, kinarudi, kinagonga, behewa linaruka, aliyekuwa kitanda cha juu anashika ukuta. Alafu kimya. Nusu saa kimya. Saa nzima kimya. Unasikia watu wanapita na tochi kwenye kokoto, mmoja anapiga chuma na nyundo, mwingine anamuita mwenzake Masanja. Mara tena GUP, behewa linaruka. Hapo kama hukuandaliwa utaona unateswa.

Shoga yangu hakuwa ameandaliwa, na mimi nilikuwa nimemwambia. Akawasha simu, akaongea na kaka yake anayeishi Tabora, akaambiwa alfajiri kuna basi, lami siku hizi, mchana uko Kigoma. Akashuka kitandani akaanza kufunga begi. Nikamuuliza unakwenda wapi? Akasema, "Shoga mi siwezi, tutakaa hapa mpaka lini, twende wote bwana tuwahi." Nikamwambia tumekubaliana mpaka mwisho. Akanijibu, "Kwani kuna nini huko mbele? Si pori tu?"

Si unaona. Kumbe neno ni lile lile.

Kushuka Tabora ukiwa unakwenda kutazama nchi ni sawa na kuchangia harusi miezi sita alafu ukaaga ukumbini kabla sinia la pilau halijafika mezani. Na nikitaja pilau roho inaniuma mara ya pili, maana alishuka na hotipoti. Na pawabanki. Sisemi aliiba, sisemi hivo, alisahau. Nasema tu kwamba nilibaki na simu ina asilimia kumi na kitu, chupa za maji, na mfuko wa karanga.

Haya. Sasa nisikilize, ndio nafika.

Treni iliondoka Tabora kabla ya jogoo. Na hii ndiyo siri ambayo watu wa basi hawaijui: kama tungeondoka Tabora mapema jioni tungepita sehemu zote nzuri usiku tukiwa tumelala, tungeamkia Kigoma tukisema hatujaona kitu. Kule kukaa stesheni kumenipa mimi mwanga wa jua kuanzia Urambo mpaka ziwani. Watu wanalalamika treni imechelewa, mimi niliipokea kuchelewa kwake kama zawadi, japo wakati ule sikuwa najua, nilikuwa nimenuna nimejifunika kitenge.

Aliyenitoa kwenye kununa ni mama mmoja wa kitanda cha chini, alipandia Tabora, anashukia Nguruka, ana ndoo mbili na mjukuu. Kulivyopambazuka akapiga makofi yale ya taratibu, "Mwakeye!" Nikashtuka, miaka sijaamkiwa Kiha asubuhi asubuhi. Nikaitikia vibaya, akacheka, akasema "mwanangu Dar imekuharibu," akanimiminia chai ya rangi kwenye kifuniko cha chupa. Tangawizi kali. Akaniambia njoo dirishani uone, kwenu huku.

Nikaenda. Na hivi ndivyo ilivyo hiyo pori tu.

Mti wa miyombo mwezi wa tisa na wa kumi, kabla mvua haijaanza, unachipua majani, na majani machanga yale si ya kijani, ni mekundu, mengine rangi ya shaba, mengine karibu na zambarau. Jua la asubuhi linayapiga kwa pembeni. Inakwenda hivo kilomita na kilomita. Alafu ukizoesha jicho unaanza kuona vitu vinaning'inia kwenye matawi, virefu, vya mviringo, mama akaniambia mizinga. Mizinga ya magome. Anayetengeneza anabandua gome la mti mzima kwa kulizungushia, analishona, anafunga pande mbili, anapandisha juu ya mti na kamba. Ukishajua hivo unaanza kuona na miti iliyobanduliwa, imesimama uchi kiuno mpaka chini. Asali ya Tabora unayoinunua Kariakoo kwenye chupa ya bia inatoka mle. Nilikaa natafuta mizinga nje kwa muda mrefu kuliko ninavyoangalia filamu, yule mjukuu naye akaingia, tukaanza kushindana nani ataona wa kwanza, alinishinda vibaya.

Urambo unaona mabani, yale majumba marefu ya kukaushia tumbaku, na moshi wake. Hapa ndipo nyumbani kwa Mtemi Mirambo, yule aliyewasumbua Waarabu wa Tabora njia ya msafara ikafungwa, na ndiye aliyeupa mji jina. Miaka ya mwisho ya 40 Waingereza nao walikuja hapa hapa na Kongwa na Nachingwea wakasema watalima karanga za kulisha Uingereza, wakamwaga mamilioni ya pauni na matrekta, ikafeli mpaka ikawa aibu bungeni kwao. Mimi niko dirishani natafuna karanga za mfuko nilioachiwa nawaza hayo, nikacheka mwenyewe, mama akaniangalia.

Kaliua, Usinge, Nguruka. Nguruka mama akashuka. Stesheni ilijaa, ng'ombe nyuma ya stesheni, wafugaji na fimbo zao, wauzaji wa samaki wakavu wameweka mafungu chini kwenye magunia, harufu ikaingia behewa zima ikakaa. Nikamsaidia ndoo moja kupitia dirishani. Kabla hajaondoka akarudi akanikabidhi mhogo wa kuchemsha umefungwa kwenye mfuko, akasema "kula, mwenzio kakimbia na chakula." Nilikuwa nimemsimulia, ndio. Nilikuwa na uchungu.

Alafu ndio Malagarasi. Sikiliza, ukisikia neno bonde oevu unafikiria dimbwi. Hili ni eneo kubwa kiasi kwamba mwaka 2000 liliingizwa kwenye orodha ya Ramsar, ya maeneo oevu yenye umuhimu duniani, na ndilo la kwanza kabisa kwa Tanzania. Treni inapunguza mwendo, miti inaisha ghafla, unabaki na nyasi na mafunjo mpaka macho yanachoka, maji yanang'aa katikati, mtumbwi mmoja huku mwingine kule, ndege weupe wanaruka makundi kwa sababu ya kelele za treni kisha wanatua palepale. Kila mtu behewa letu alisimama koridoni. Hata wale kinababa waliokuwa wanabishana mpira tangu Dodoma walinyamaza, mmoja akatoa simu. Mimi simu nilikuwa nimeizima nitunze chaji ya kumpigia mama. Kwahiyo Malagarasi sina picha hata moja, na nikionyesha albamu watu wanauliza mbona hapa hakuna, nawaambia waulizeni wenye pawabanki zao.

Uvinza ndio chumvi. Kuna chemchemi za maji chumvi pale, watu wamechemsha chumvi hapo tangu kabla Mjerumani hajazaliwa, na ilikuwa inasafiri mbali sana kubadilishwa na vitu vingine. Pale mtandao ukarudi. Nikawasha simu kidogo nimwambie mama nakaribia, na ndipo ikaingia picha kwenye grupu la familia, kwa sababu shoga yangu ni wa nyumbani na grupu yumo. Yuko ufukweni, ana sahani ya migebuka, wale samaki wa ziwa letu, ya kukaanga na ndimu, kaandika chini, "Tushafika zamani, wengine bado wanahesabu miti."

Watu wakacheka. Emoji za machozi. Hata mama mkubwa wangu, damu yangu, alicheka.

Nimeisamehe? Nimeisamehe. Ila nataka niseme kitu hapa na kimwendee kila anayekaa nyuma ya simu kuwacheka wanaokwenda taratibu. Nilikuwa nahesabu miti, ndio, na mizinga pia nilihesabu. Wewe uliyefika saa saba mchana umeona nini? Umeona kiti cha mbele yako na sinema ya Nigeria bila sauti. Umepita juu ya Malagarasi umelala mdomo wazi. Vijana wenzangu tumefundishwa kwamba kuwahi ndio ujanja, tunawahi kula, tunawahi kuoa, tunawahi kupost, mtu anasafiri nchi nzima akirudi ukimuuliza umeona nini anakuonyesha sahani. Nchi yako huijui. Unaijua Dubai kwenye simu lakini mzinga wa nyuki hujawahi kuuona juu ya mti. Alafu kesho unajiita mzalendo. Acheni hizo. Mtu ukiwa na likizo ya siku chache na huna haraka ya msiba wala mgonjwa, unakimbilia wapi?

Nimeshaanza kuhubiri, wacha nirudi.

Baada ya Uvinza treni inashuka. Tabora mko juu kwenye mita kama 1,200 hivi, ziwa Tanganyika liko kwenye 770 na kitu, kwahiyo huo wote mnautelemka, na mabadiliko unayaona nje, miyombo inapungua, inakuja michikichi. Kazuramimba, Kandaga. Mtu wa Kigoma ukiona mchikichi wa kwanza unajua mawese yako karibu. Hewa nayo inabadilika inakuwa nzito kidogo, ya joto, ina unyevu. Na ziwa lenyewe halikuoneshi uso mpaka dakika za mwisho kabisa, unazungushwa kwenye vilima unaanza kudhani hawajaliweka, mara hilo hapo, la bluu, milima ya Kongo ng'ambo yake. Pale behewani palipigwa vigelegele. Watu wazima, wanaofika kila mwaka.

Sasa ushauri wenyewe, mdogo wangu, maana najua umeruka mpaka huku.

Usishukie Tabora. Hilo la kwanza, na mengine yote yanalifuata hilo. Ni zaidi ya kilomita 400 kati ya kama 1,250 za safari nzima, yaani ukishuka unaacha theluthi nzima ya safari, na ndiyo theluthi ambayo hakuna mtu atakupeleka siku nyingine. Tabora teremka kidogo ukanyooshe miguu, nunua asali, kunywa chai, lakini ukisikia honi rudi behewani.

Korido ni bora kuliko dirisha la chumbani. Chumba kinaangalia upande mmoja, korido inakupa wa pili, unahama kulingana na jua. Mchana kaa wima. Kulala utalala usiku, na kama ratiba inakupitisha Malagarasi gizani basi omba Mungu mchelewe Tabora.

Maji. Beba maji ya kunywa na ya kunawa. Nimesema maji? Beba maji. Chakula kipo bafe, kuna wali na chai na soda, na stesheni kila moja ina vyake, Saranda kuku, mbele huko mihogo na asali na samaki, kwahiyo njaa haitakuua, kiu ndiyo itakusumbua. Beba shuka au kitenge, usiku wa Itigi kuna baridi kali na watu hawaamini wakiambiwa. Usiku treni ikisimama stesheni funga dirisha, mkoba usiuweke karibu nalo, mkono wa mtu una urefu usioutegemea. Mchana porini mbung'o anaweza kuingia akakuuma, hapo huna la kufanya zaidi ya kumpiga na ndala.

Pawabanki ikae kwenye begi lako. Begi lako mwenyewe.

Kuna mtu atauliza kuhusu SGR, ile reli mpya ya kisasa. Tangu 2024 ile ya umeme inakwenda Dar Dodoma kwa saa chache tu, na ujenzi kuelekea Tabora na Kigoma unaendelea, siku itafika tutaamkia Kariakoo tukalala Ujiji. Nitaipanda na nitashangilia, bibi yangu akiwa mgonjwa sitaki kuangalia mizinga. Unaweza pia ukaenda nayo mpaka Dodoma ukadakia ya zamani pale, ukibana muda ni wazo zuri, utakosa bonde la Mkondoa lakini Saranda na kwetu utapaona. Mimi ukiniuliza, safari ya kwanza anza nayo Dar. Kama lazima ukate kipande, kata cha Dar Dodoma, usikate cha Tabora Kigoma.

Na ukishafika. Stesheni ya Kigoma ni jengo la Mjerumani, liko chini kabisa karibu na maji, toka nje utaona barabara ya Lumumba inapanda kuelekea Mwanga, bodaboda watakuvamia, taja bei wewe kwanza. Nenda Ujiji ukaone pale Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871, kisha shuka ufukweni kwetu wanapotengeneza mitumbwi, kaa uwaangalie wanavyoziba mianya ya mbao na pamba. Kula migebuka na ugali wa muhogo, dagaa nunua wakavu urudi nao, uliza bei watu watatu. Gombe kwa sokwe ni kwa boti, hiyo ijipangie bajeti yake maana ni hifadhi ya taifa na kuna viingilio.

Na kama una moyo wa meli, MV Liemba ilitengenezwa Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa vipandevipande ikatiwa kwenye makasha, ikaletwa na reli hii hii ikaunganishwa Kigoma. Vita ilivyowaelemea 1916 Wajerumani wakaizamisha wenyewe karibu na pale Malagarasi inapoingia ziwani, Waingereza wakaiibua 1924, ikarudi majini 1927. Kabla hujapanga safari ya kwenda nayo kusini pita kwanza bandarini uulize kama iko kwenye ratiba, usitegemee mtu wa mtandaoni, hata mimi. Bandari iko jirani na stesheni, unakwenda kwa miguu, begi ukiwa umeliacha gesti.